Unafanya nini hapa, Eliya?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii naiandika usiku, ndo kwanza nimemaliza zamu ya simu, na kuna neno limenikalia moyoni tangu juzi nikaona nisilale nalo peke yangu. Wengi wenu mnajua najitolea kwenye simu ya msaada kusikiliza watu waliofika pabaya, wale ambao mtu anakwambia kabisa mi sioni mbele, na kuna ndugu kadhaa humu wamekuwa wakiniuliza kazi yenyewe ikoje na wao wanaweza kuingiaje. Nilitaka nijibu moja kwa moja lakini kila nikianza najikuta narudi kwa Eliya, kwa hiyo tufungue 1 Wafalme 19 tuanzie huko.

Eliya tunapenda kumhubiri akiwa Karmeli. Moto umeshuka, mvua imenyesha, amekimbia mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli. Sasa geuza ukurasa tu, Yezebeli mke wa Ahabu ametuma mjumbe kwamba atamuua, na yuleyule mtu wa moto yuko jangwani chini ya mretemu, mti mdogo wa jangwani, anasema, "Yatosha, sasa, Ee BWANA, uiondoe roho yangu." Nabii huyo. Amechoka kuishi na anamwambia Mungu wazi. Kwa hiyo mpendwa ambaye huwa unasema mtu akifikiria kufa basi hana imani, au hajaomba vya kutosha, nakuomba kwa upendo kabisa usome huo mstari wa 4 polepole, kwa sababu kuna mtu kwenye kundi lako la maombi amekusikia ukisema hivo na tangu siku ile ameamua hatakwambia kitu.

Na malaika alipokuja hakuhubiri. Alimgusa, akamwambia "Inuka, ule," kuna mkate na maji, mtu akala akalala tena na malaika akamwacha alale. Akarudi mara ya pili, akamgusa tena, na safari hii akaongeza maneno ambayo natamani niyabandike ukutani pale tunapokalia kupokea simu: "maana safari hii ni kubwa mno kwako." Sisi tungesema jikaze, wewe ni mwanaume, au mbona fulani alipitia makubwa kuliko hayo na bado anasimama. Mbingu yenyewe imekubali kwamba mzigo ni mkubwa. Kumwambia mtu pole, hili ni zito kweli, siyo kumvunja moyo, mara nyingi ndo mara yake ya kwanza kusikia mtu akimwamini.

Sasa hapa ndo nilipotaka kufika. Hii sura nimeisoma miaka na miaka ila juzi tu ndo nimeona kitu. Eliya amefika Horebu, kaingia pangoni, Mungu anamuuliza, "Unafanya nini hapa, Eliya?" Anajibu, nimeona wivu mwingi kwa ajili ya BWANA, Israeli wameyaacha maagano yako, wamevunja madhabahu, wameua manabii, nimebaki mimi peke yangu na mimi wananitafuta. Hiyo ni mstari wa 10. Baadaye unakuja upepo, tetemeko, moto, halafu sauti ndogo ya utulivu, Eliya anajifunika uso kwa vazi lake anasimama mlangoni, na anaulizwa tena swali lilelile, unafanya nini hapa. Mstari wa 14 anajibu. Weka kidole kwenye 10 na kingine kwenye 14 ulinganishe. Ni maneno yaleyale! Ameona yote hayo, amesikia mpaka sauti, na bado anasimulia habari yake ileile kama hakuna kilichopita katikati.

Na Mungu hakumwambia hilo umeshasema.

Yaani nimekaa na hili jambo siku mbili nzima, maana mtu yeyote ambaye amewahi kushika simu ya hivi anajua, anayepiga anasimulia, anafika mwisho, unadhani sasa tunasonga mbele, kumbe anarudi mwanzo, anasimulia tena, saa nyingine mara ya tatu, na wewe mgeni kwenye kazi unaanza kuhangaika kwamba mazungumzo hayaendi popote, unatafuta mahali pa kuingiza ushauri ili angalau usogeze kitu. Usisogeze. Mtu mwenye maumivu anazunguka jeraha lake kama anayetafuta mlango gizani, anapapasa ukuta uleule, na mara nyingi ile mara ya pili au ya tatu ndo linatoka neno ambalo halikuwepo mwanzo, dogo tu, jina la mtu, au "na tangu siku ile." Ukishamkata hulipati tena hilo neno.

Halafu angalia na hili. Aliposema nimebaki peke yangu haikuwa kweli. Obadia, msimamizi wa nyumba ya Ahabu, alikuwa ameficha manabii 100 mapangoni, hamsini hamsini, na alishamwambia Eliya kwa mdomo wake mwenyewe kwenye sura ya 18. Na Mungu alikuwa na watu 7,000 ambao hawajampigia Baali goti. Mungu angeweza kumsahihisha palepale mstari wa 10, ana takwimu zote. Hakufanya hivo. Alimwacha aseme kosa lake mara mbili nzima, na hiyo 7,000 akaitaja mstari wa 18 mwishoni kabisa, Eliya ameshakula, ameshalala, ameshasema yote, ameshapewa na kazi ya kufanya. Ukweli ulikuwepo tangu mwanzo ila ulisubiri zamu yake.

Mimi hili nililikosea vibaya. Wakati wa mafunzo tulikuwa tunafanya mazoezi wawili wawili, mwalimu anaigiza mtu aliye kwenye hali ngumu na mimi ndo msikilizaji. Akaanza kuongea, hata dakika haijaisha nishamrukia na Yeremia 29:11, mawazo ninayowawazia ninyi, mawazo ya amani, nilisema kwa moyo wote na niliamini namsaidia. Akanyamaza. Akaniuliza, naomba unirudishie nilichokwambia. Sikuweza. Nilikuwa nimeshika mambo mawili tu na moja nimelikosea, kwa sababu muda wote anaongea mimi nilikuwa natafuta mstari. Andiko lilikuwa zuri na bado ni zuri, lakini nilikuwa nalitumia kujiondolea mimi ile hofu ya kukaa na maumivu ya mtu bila jibu. Nililia jioni ile. Mithali 18:13 inasema yeye ajibuye kabla hajasikia ni upumbavu na aibu kwake, na kabla ya siku hiyo nilikuwa nadhani andiko hilo ni la wagomvi.

Marafiki wa Ayubu vilevile, siku saba usiku na mchana wamekaa naye chini, hakuna aliyesema neno kwa kuwa waliona mateso yake ni makuu mno, na hapo walikuwa wanafanya vizuri kabisa. Walipofungua mdomo ndo tukapata wafariji wenye kutaabisha.

Kuna historia moja huwa inanitia nguvu. Uingereza, mwaka 1935, kijana mmoja mchungaji wa Kianglikana anaitwa Chad Varah alizika msichana wa miaka 14 aliyejiua. Yule binti alikuwa ameanza hedhi, hakuwa na mtu wa kumuuliza, akadhani amepata ugonjwa mbaya. Hakuwa na mtu wa kumuuliza, basi. Varah hakuisahau hiyo maiti, na Novemba 1953 akaanzisha huduma ya simu kwenye kanisa lake pale London kwa watu wanaofikiria kujiua, ndo wakaitwa Samaritans. Mwanzoni wazo lilikuwa yeye mwenyewe ndo atoe ushauri, na watu wa kawaida waliojitolea wawe wanakaa tu na wanaosubiri zamu, kuwapa chai na kuongea nao kidogo. Ikaja kuonekana wengi wakishakaa na hao watu wa kawaida na kusikilizwa hawaoni tena haja ya kuingia kwa mchungaji. Kufika Februari 1954 akawakabidhi kazi ya kusikiliza. Mchungaji, msomi, na akakubali kupisha. Namheshimu sana kwa hilo.

Na Zimbabwe pia, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na akina bibi 14, bibi kabisa, wanakaa kwenye benchi nje ya kliniki na mtu mwenye kile wanachokiita kwa Kishona kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2016 ukatoka utafiti wao na ulionyesha waliokaa na hao bibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Siyo kwamba bibi anakaa tu bila mpango, wamefundishwa na wana wasimamizi, na hilo nalisisitiza kwa ndugu mlioniuliza, moyo wa huruma peke yake hautoshi. Nenda ukafundishwe.

Maana kuna vitu ukifundishwa utashangaa. Mimi niliogopa sana kumuuliza mtu swali lenyewe, nilidhani nikilitaja namtia wazo kichwani. Sivyo. Kumuuliza kwa utulivu "unafikiria kujiua?" hakumpandikizii wazo, kunampa ruhusa ya kusema alichokuwa anakibeba peke yake. Unauliza halafu unanyamaza, na ukimya wa kwenye simu ni mrefu jamani, sekunde kumi unaziona kama saa, unaanza kumsikia anavuta pumzi, usiujaze. Akisema ndiyo huanzi kushtuka wala kumhubiria jehanamu, unabaki naye, unamuuliza kama ameshapanga, kama kuna kitu karibu yake anachoweza kujidhuru nacho, na kama hatari ni ya sasa hivi humwachi peke yake, unamwita mtu wa karibu yake, unapiga namba za dharura au anafikishwa hospitali. Kwa hiyo usimwahidi siri ambayo itamuua. Siri zake nyingine zote zinakaa na wewe mpaka kaburini, na ndo maana kwenye tafakari hii hutakuta habari ya mtu hata mmoja niliyewahi kumsikiliza, hata kwa kuficha jina. Wala hazigeuzwi ombi la maombi. Naomba niseme hili kwa uchungu, tumeumiza watu wengi kwa kutangaza mambo yao kwa jina la kuwaombea.

Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka. Mi hiyo namba siwezi kuibeba, naweza kubeba aliyeko kwenye simu tu.

Na hata huyo simbebi peke yangu, Mungu asingetaka. Eliya mwishoni alipewa Elisha, mtu wa nyama na damu, akaambiwa amtie mafuta. Sisi nasi kazi yetu inaishia kwenye kumuunganisha mtu na wengine, daktari, mshauri, dada yake ambaye hawajaongea miaka, yeyote ambaye kesho atakuwepo. Na wewe unayesikiliza una Elisha wako? Baada ya zamu nzito sisi hatuondoki kimyakimya, tunakaa na msimamizi, unasema kilichokugusa, kama ni kulia unalia. Nilipitia kipindi nikawa siyasemi, nikaona ndo ukomavu wa kiroho, mwisho nikawa naogopa hata simu yangu mwenyewe ikiita. Yethro alimwambia Musa, mkwewe, wazi utadhoofika wewe na watu hawa pia, jambo hili ni zito mno kwako, huwezi kulifanya peke yako. Nikapumzika miezi kadhaa nikarudi, na aliyenishika mkono kipindi kile alikuwa dada mmoja wa zamu aliyeniuliza tu upo salama, afu akasubiri.

Sasa kama wewe unayesoma hapa ndo uko chini ya mretemu, na umesoma mpaka hapa ukijua nakusema wewe, nakuomba usiku huu usikae nalo peke yako. Mwambie mtu mmoja, hata kwa meseji fupi, "siko sawa, naomba ukae na mimi." Yesu mwenyewe aliomba hivo Gethsemane, roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, kaeni hapa mkeshe pamoja nami. Kama yule wa kwanza amelala kama wanafunzi walivyolala, mwamshe, au tafuta wa pili, kuna simu za msaada na mahospitali na watu waliokaa macho kwa ajili hiyo tu. Na kama umeshasema mara moja na hukueleweka, sema tena maneno yaleyale, Eliya alisema mara mbili.

Baba, usiku huu kuna anayesema yatosha. Mguse. Mpe usingizi, mpe wa kumletea maji. Na huyo aliyeshika simu zamu hii, anayesikia habari ileile kwa mara ya tatu na amechoka, msaidie asimkatize. Amina.