Duara Jekundu

Jumapili ya tarehe 20 Oktoba 2013, Simba na Yanga zilipokutana katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, mimi sikuwa uwanjani. Nilikuwa mbele ya kompyuta katika chumba cha ghorofa ya pili huko Kariakoo, nikisanifu jalada la jarida la kila wiki lililosomwa na mashabiki wa Yanga, huku redio ikitangaza mchezo kutoka juu ya kabati la karatasi. Nilikuwa na miezi mitatu tu kazini. Nilitokea Tanga, na tangu utotoni nilikuwa mpenzi wa Coastal Union, ambayo jezi zake ni nyekundu na nyeupe. Nalitaja hilo mapema kwa kuwa bila hilo kosa nililolifanya jioni ile haliwezi kueleweka.

Hadi mapumziko Yanga ilikuwa inaongoza kwa mabao matatu, moja la Mrisho Ngassa na mawili ya Hamis Kiiza. Mhariri alitaka neno moja tu, TATU, kwa herufi kubwa za njano juu ya kijani iliyokolea, na Kiiza akatwe kutoka kwenye picha yake ili kichwa kipite mbele ya jina la jarida, aonekane kama anatoka kwenye karatasi kumfuata mnunuzi. Niliifanya kazi hiyo kwa nusu saa, na ilipendeza.

Kisha kikaja kipindi cha pili. Betram Mombeki akafunga, akafuata Joseph Owino, na Gilbert Kaze akasawazisha. Tatu kwa tatu. Redio iliendelea kupiga kelele, lakini chumbani hapakuwa na aliyesema neno.

Msimbazi, kwa watu wa Simba, usiku ule walisherehekea sare kama kombe, na Jangwani, kwa watu wa Yanga, waliipokea kama msiba. Nilipendekeza tutumie picha ya kipa akiwa ameinamisha kichwa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ya kweli. Mhariri alikataa, na maneno yake nayakumbuka kwa maana yake ingawa si neno kwa neno. Alisema matokeo yameshamfikia kila mtu kwa redio na simu, kwa hiyo jalada letu halina kazi ya kuyapeleka. Gazeti la habari mtu hulinunua alisome, lakini jarida la klabu hulinunua pia ili aonekane nalo mkononi, ndani ya daladala, kijiweni na kazini kwake, mbele ya watani wake. Nani angekubali kupita katikati ya watani akiwa amebeba picha ya huzuni yake mwenyewe?

Tukarudi kwenye picha. Picha za mchezo karibu zote zina kasoro moja kwa jalada: mchezaji anautazama mpira. Mpita njia anayetupa jicho kwenye meza ya magazeti husimamishwa na macho yanayomtazama yeye. Tulipata picha ya zamani ya nahodha, Nadir Haroub “Cannavaro”, akiwa ameielekea kamera bila kutabasamu. Chini ya kidevu chake tukaandika BADO NI SISI. Nafasi ya maneno hayo tuliipima kwa rula, kwa kuwa wauzaji wengi hulikunja jarida na kulibana kwenye kamba, na kinachobaki chini ya mkunjo hakuna anayekiona.

Usiku huo nilijifunza pia kuihurumia sura ya mtu mweusi kwenye karatasi ya bei nafuu. Wino husambaa kidogo unapoingia katika karatasi ya namna ile, na picha iliyong’aa kwenye kioo cha kompyuta hutoka na giza kama ya aliyepigwa picha usiku. Ilinibidi niipandishe mwanga mashavuni na kuzunguka macho kupita kiasi nilichokiona kizuri, nikiamini kwamba mtambo ungeurudisha chini. Njano nayo haisomeki juu ya nyeupe, na kijani huchapwa kwa siani, yaani wino wa buluu, na njano pamoja, hivyo sahani za uchapaji zikisogea kidogo tu, kila herufi huota ukingo. Nikazizungushia herufi mstari mweusi ili kuficha hitilafu hiyo.

Saa nne usiku, faili likiwa tayari kwenda kiwandani, niliona kona ya juu kulia imebaki tupu. Nikachora duara, nikaandika ndani yake 3–3, nikalipaka rangi nyekundu kwa sababu juu ya kijani hakuna rangi inayoruka machoni kama nyekundu. Mhariri alikuwa akizungumza na dereva wa kiwanda. Hakuliona.

Jumanne asubuhi nilikwenda kwenye meza ya mzee mmoja aliyekuwa akituuzia nakala nyingi. Nilimwamkia, akaitikia “Marahaba” bila kuinua uso. Nilisimama kando nikitazama. Mtu wa kwanza alilichukua jarida, akamtazama nahodha kwa muda, kidole chake kikafika kwenye kona ile, akalirudisha. Wa pili alifanya vivyo hivyo. Wa tatu aliuliza kwa hasira ya kweli kama siku hizi tunachapiwa na Simba.

“Mwanangu,” mzee alinieleza baada ya kujua kwamba jalada ni kazi yangu, “watu hawa hata shati jekundu hawalivai. Wewe umewawekea bao la mtani kwa rangi ya mtani.”

Hakungoja jibu langu. Alizishusha nakala zote kutoka kwenye kamba, akazitundika upya akiwa amebandika ukingo wa gazeti jingine juu ya kona ya kulia, ili duara lifichike na yabaki macho ya nahodha na maneno matatu. Kabla ya adhuhuri aliuza nakala kumi na moja, nami nilizihesabu moja moja. Mnunuzi mmoja, kijana aliyevaa kofia ya njano, aliligundua duara baada ya kulipa, akalikunja jarida ili kona iingie ndani na uso wa nahodha ukae nje, akaliweka kwapani na kuvuka barabara.

Wino wa majenta, ule wa wekundu, hatukuweza kuuacha, kwa kuwa bila huo nyuso za watu hugeuka kijani. Lakini alasiri ile nilirudi ofisini, nikafungua orodha ya rangi za jarida letu, na kabla ya kugusa toleo lililofuata nikaifuta nyekundu.