Kesi ya Mtori

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nilikusudia kuandika juu ya maombi ya alfajiri, na nilishaanza. Lakini Jumanne jioni kondakta wa Hiace ya Marangu alinipigia niende stendi kuchukua mzigo wangu, na tangu hapo hayo maombi ya alfajiri yamenishinda kuyaandika, na kuyaomba pia.

Mzigo ulikuwa ule ule wa kila mwezi, mkungu wa ndizi za mtori na kiroba cha maparachichi. Safari hii juu yake kulikuwa na kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha kanga. Ndani yake sweta la kijani la binti yangu, mama mkwe amelifuma kwa mkono wake. Binti akalivaa pale pale. Mikono ikaishia chini kidogo ya kiwiko. Akacheka, "Mama, bibi anadhani mimi bado niko chekechea!" Mimi nilishindwa kucheka. Bibi wa watu alimpima kwa jinsi alivyomwona mara ya mwisho, na mara ya mwisho ilikuwa Krismasi ya mwaka juzi. Kutoka hapa Moshi mjini hadi Marangu Mtoni ni kama saa moja tu, gari lisipokaa sana Himo.

Sasa niwaambie ukweli. Mimi ni Mpare, nimeolewa Uchaggani, na mnaujua utani wetu, sisi Wapare tunataniwa kwa kupenda kesi na makande. Nilipojifungua mtoto wa pili nilipelekwa kwa mama mkwe kulelewa uzazi, na alinilea kweli: maziwa, mtori, moto wa kuni usiku kucha. Siku moja wakaja wageni kumwona mzazi. Mtori ukanishinda kumaliza, nikaacha nusu bakuli. Mama akasema mbele yao wote, "Mwacheni, huyu amezoea makande. Mkimlazimisha atatufungulia kesi." Wakacheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa na mshono, sijalala siku tatu, na neno lile likanichoma.

Basi nikafungua kesi kweli. Niliifungua moyoni, nikawa mlalamikaji, nikawa shahidi, nikawa hakimu pia. Sikumtukana mtu. Nilianza tu kusema watoto wana tuisheni. Mara watoto wana mafua na kule juu kuna baridi. Mara nauli imepanda. Hivyo ndivyo tunavyogombana sisi watu wazima wa kanisani, kwa adabu, huku tunaimba kwaya.

Jumanne usiku nikafungua kitabu cha Ruthu. Nilitaka ile ya "watu wako watakuwa watu wangu", ambayo tunaisoma kila harusi. Sikufika huko. Biblia ilifunguka sura ya nne: "Basi Naomi akamtwaa yule mtoto, akamweka kifuani pake, akawa mlezi wake." Nimeusoma mstari huu miaka mingi nikimwona Naomi, mama mkwe wa Ruthu, peke yake. Usiku ule nikamwona aliyekuwa amekaa pembeni. Akamtwaa kutoka kwa nani? Mtoto alikuwa mikononi mwa mama yake. Mzazi akimbana mtoto, bibi atamtwaaje?

Na tazameni huyu Obedi alikuwa nani kwa Naomi. Wanawe Naomi walikwisha kufa Moabu. Mtoto huyu amezaliwa na Ruthu na Boazi, mume wake wa pili, hajatoka tumboni mwa Naomi wala kwa mwana wake. Hata hivyo majirani wakasema, "Naomi amezaliwa mwana." Walipata wapi ujasiri wa kusema hivyo? Kwa sababu mkwe, mgeni, Mmoabu, alifungua mikono. Undugu wa bibi na mjukuu ulipita kwenye mikono ya mkwe, na ukoo wa Daudi ukapita hapo hapo. Dada yangu uliyeolewa, mikono hiyo unayo wewe. Mimi nilikuwa nayo nikaikunja.

Tunawatumia watoto kama fimbo. Bibi akikosea neno, anapigwa kwa mjukuu. Shemeji akichelewa kurudisha hela, watoto wa nyumba mbili hawachezi pamoja. Na mtoto hajui kesi inahusu nini, yeye anaona tu sweta halimtoshi. Binti yangu amepewa jina la bibi yake mzaa baba, kama desturi ya huku. Kila jioni ninamwita kwa jina la mtu ambaye nimemnyima kumwona. Paulo alimwambia Timotheo kwamba imani yake ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi. Ingekaaje, kama mama yake Eunike angekuwa na kesi kama yangu?

Wababa nao, mnaokaa kimya mkisema "hayo mambo ya wanawake", huyo ni mama yenu. Mtaulizwa. (Sizungumzii nyumba ambako mtoto anaumizwa kweli. Huko mlinde mwanao, na Mungu anajua.)

Jumamosi nikapanda na watoto. Nilikuwa nimechuma jani la isale kwa jirani, kwa kuwa Wachagga huombana msamaha kwa isale, nikalificha kwenye mkoba kama mwizi. Najua lina taratibu zake na wazee wake. Sikuwa na wazee, nilikuwa na aibu tu. Nikamkuta mama jikoni anamenya ndizi, mikono imepakwa mafuta utomvu usishike. Nikampa jani kwa mikono miwili, nikamweleza yote, mtori, wageni, makande.

Akaniangalia. "Nilisema hivyo?"

Hakukumbuka. Miaka yote ile ya kesi, mshtakiwa hakuwa na habari. Akalichukua isale, akalichomeka kwenye pindo la kanga, akafuta jicho kwa mgongo wa mkono. Kisha akanisukumia kisu. "Haya mama, menya. Watoto wana njaa."

Baada ya chakula alimwita wajina wake, akamvua lile sweta, akaanza kulifumua. Binti alikaa kwenye kigoda amenyoosha mikono miwili, bibi anamzungushia uzi, anahesabu kwa Kichagga, na mtoto anafuatisha na kukosea. Walifika saba, wakarudia.

Tumerudi mjini bila sweta. Bibi amesema uzi wa kijani hautatosha, nimtafutie mwingine sokoni Mbuyuni, na nisiutume kwa kondakta.