Vile huwa namkamata mheshimiwa akikwepa swali laivu

Watu huniuliza mbona sigombani na wanasiasa kwa studio kama hawa wenzangu wadogo, na jibu ni moja tu, karatasi. Nimeripoti siasa za Kenya kwa TV tangu enzi za ECK, ile tume ya uchaguzi ya zamani, Desemba 2007 nilikuwa ukumbi wa KICC Nairobi tukimngoja mwenyekiti wake, marehemu Kivuitu, atangaze matokeo ya urais, jioni hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya laivu, na tangu hapo siendi hewani na kitu nimeambiwa kwa simu tu.

Kabla ya intavyuu huwa nafungua Hansard, ile rekodi rasmi ya yanayosemwa bungeni, iko bure kwa tovuti ya bunge lakini wengi hawajisumbui. Natafuta jina la mgeni wangu, alisema nini, alipiga kura upande gani, naprinti, halafu napaka rangi mahali pamoja tu. Ukibeba maswali kumi atachagua lile rahisi akumalizie muda.

Chukua Mswada wa Fedha wa 2024, ule wa kuongeza ushuru. Juni 25 ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia bungeni siku hiyo hiyo, kesho yake rais akakataa kutia saini, na kuanzia hapo eti hakuna mtu aliwahi kuuunga mkono! Mheshimiwa mmoja akaja kwangu anaapa alikuwa upande wa vijana walioupinga tangu mwanzo. Nikamwacha aongee mpaka achoke, prodyusa ananipigia kelele kwa sikio twende matangazo, nami nikasukuma ile karatasi ya kura yake mezani nikamwambia, mheshimiwa, hebu nisomee hapo penye rangi. Akatafuta miwani. Akasoma kimoyomoyo, nami nikanyamaza, na hapo ndio wengi huharibu, wanamrukia na swali lingine wanamwokoa. Mwishowe akasema, "Huo ulikuwa msimamo wa chama." Basi, taarifa ya saa moja tukaanza na hiyo.

Hesabu ya kura pia ni hivyo hivyo. 2022 IEBC, tume ya uchaguzi ya sasa, iliweka fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, kwa potali yake ya mtandaoni, kila stesheni ikajumlisha zake, namba zikatofautiana na watu wakasema tumehongwa, kumbe kila mtu alianza na fomu za maeneo tofauti. Sisi tukaandika kwa skrini tumefikia vituo vingapi kati ya 46,229, simu za matusi zikapungua, si kwisha lakini zikapungua.

Nje ya studio hatuna ugomvi, chai tunakunywa na stori tunapiga. Ila akinipigia usiku eti nitoe hiyo klipu, namwambia aongee na mhariri, mimi nimelala.