Siku moja maishani mwangu: fundi wa buti nyepesi za mlimani, Mwembe Tayari, Mombasa

Saa 12 asubuhi, soko la Kongowea

Robota za viatu vya mtumba zikifunguliwa, wanunuzi wengi hugeuza buti kuangalia meno ya soli. Mimi naanza na soli ya kati, ile tabaka laini iliyo baina ya mpira wa chini na ngozi ya juu, maana hapo ndipo buti nyepesi za mlimani hufia. Nyingi zimetengenezwa kwa poliurethani, na adui wa poliurethani ni unyevu. Mvuke wa maji ulio hewani huikata taratibu mpaka tabaka nzima inamong'onyoka kama biskuti iliyochovywa chai. Kiatu kuwekwa kabatini hakizuii jambo hilo. Kabatini ndiko linakokwenda mbio, kwa sababu hewa haipiti. Hesabu ya kawaida ni miaka 5 hadi 10 tangu buti itoke kiwandani, ivaliwe isivaliwe. Kwa hiyo buti inayong'aa, isiyo na hata mkwaruzo, yaweza kuwa hatari kuliko iliyochakaa. Mtu huinunua kwa furaha, na soli inabaki njiani siku ya pili ya safari.

Kipimo ni kidole gumba. Nabonyeza soli ya kati kwa ukucha, pembeni karibu na kisigino, kwa nguvu, kisha naikunja buti sehemu ya vidole mpaka ipinde. Poliurethani iliyo hai inarudi mara moja na haiachi alama. Iliyoanza kufa inabaki na shimo la ukucha, au inafungua nyufa nyembamba penye mkunjo, au inanata kidoleni. Ikitoa unga naiweka chini, hata kama inauzwa kwa bei ya kutupa. Kubadilisha soli ya kati nzima kunawezekana, lakini gharama yake haiendani na buti ya mtumba.

Soli ya EVA, ile sponji nyepesi zaidi, haiharibiki kwa unyevu namna hiyo. Yenyewe hulala, yaani hubonyea isiinuke tena. Ukiiona ina mikunjo mingi ubavuni, au ukiweka buti mezani ikaegemea upande mmoja, mwenyewe wa kwanza ameshaimaliza nguvu.

Namba nayo isiwababaishe. Buti za kampuni mbili zenye 42 zaweza kupishana kwa nusu namba. Penye lebo ya ulimi natafuta mstari wa CM, ambao hutaja urefu wa mguu wenyewe. Huo ndio wa kuaminika zaidi.

Saa 2 asubuhi, kibandani

Nikishavuka daraja la Nyali na kunywa chai, kazi za asubuhi ni zile zisizohitaji gundi. Nitaeleza sababu nikifika saa sita.

Kwanza kushona. Buti ambayo mpira wake umeanza kuachia pembeni naiimarisha kwa mshono wa kuzunguka. Nachonga mfereji wa kina cha milimita 2 kwenye ukingo wa soli, nashona ndani ya mfereji huo kwa msharasi na uzi wa nailoni uliopakwa nta, hatua ya milimita 6 hadi 8. Mfereji ndio unaookoa kazi. Uzi ukikaa juu juu, jiwe la kwanza linausaga na mshono wote unafumuka.

Buti yenye utando wa kuzuia maji haishonwi hivyo kila mahali. Utando huo umekaa ndani kama soksi kamili, na kila tundu la msharasi linaloufikia ni mlango wa maji. Hapo nashona soli na ukingo wa mpira peke yake, sindano isifike ndani. Kama nafasi haitoshi, naacha kushona na kutegemea gundi. Mteja anayepanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru atapita kwenye kinamasi cha mteremko, na buti inayovuja pale haimfikishi mbali akiwa na miguu mizima.

Saa 4 asubuhi

Kupanua. Buti ya ngozi hupanuka, ya kitambaa chenye utando wa plastiki juu haipanuki sana. Anayekuja na kifundo kilichotokeza penye mzizi wa kidole gumba nampaka alama ya kalamu mahali panapouma akiwa amesimama, halafu namvisha buti hiyo ili alama ihamie ndani. Nanyunyiza pale mchanganyiko wa maji na spiriti, nusu kwa nusu, naingiza kalibu ya kupanulia, lile umbo la mguu la fundi, yenye kitufe upande ule ule, nakaza mpaka ngozi ivutike, nasubiri nusu saa, nakaza robo mzunguko tena. Inalala hivyo usiku kucha. Anayekaza mara moja hadi mwisho anapasua mshono wa ubavuni, na mshono ule haurudi ulivyokuwa.

Saa 6 mchana mpaka saa 8

Sasa gundi. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi alfajiri na hupungua kadiri jua linavyopanda. Gundi ya viatu hukauka kwa kimiminika chake kuruka, na kinaporuka kinapoza uso wa soli. Uso ukipoa kwenye hewa yenye unyevu, umande mwembamba sana unatua juu ya gundi. Huuoni vizuri, labda unaona gundi imefifia rangi ikawa kama ina ukungu. Ukibandika hapo, soli inashika kwa siku chache na baadaye inafunguka nzima, bila hata kuchanika. Wakati wa masika, Aprili na Mei, siku nyingine sifungui kabisa kopo la gundi. Mteja akinihimiza namwambia arudi jua likitoka. Afadhali alalamike kwangu hapa chini kuliko kukwama kule juu.

Hatua zenyewe: natoa soli kwa mashine ya hewa moto, nikiipitisha bila kusimama mahali pamoja, mpaka gundi ya zamani ilegee. Nakwangua mabaki yote. Nasugua pande mbili kwa msasa namba 60, mpaka mng'ao uishe kila sehemu, hata pembeni ambapo brashi hufika kwa shida. Nafuta vumbi kwa kitambaa chenye asetoni, na tangu hapo sigusi kwa vidole. Napaka gundi tabaka mbili nyembamba, ya pili baada ya ile ya kwanza kukauka. Baada ya dakika 10 hadi 15 nagusa kwa mgongo wa kidole: ikiwa hainati tena, iko tayari. Napasha moto kidogo, naweka ncha ya mbele kwanza, kisha kisigino, katikati mwisho, maana ikishagusana hairudi nyuma. Nagonga kwa nyundo kutoka katikati kwenda pembeni ili kufukuza hewa, nafunga kwa jiriwa na mipira ya baiskeli. Saa 24 kabla ya kukanyagiwa.

Mambo mawili hukosewa sana. Gundi nene haishiki zaidi, huwa na moyo mbichi unaoteleza. Na soli za PVC, aina ya plastiki, zinataka gundi ya poliurethani, kwa sababu mafuta yaliyomo ndani ya PVC huhama na kulainisha gundi ya kawaida ya njano mpaka inakuwa uji.

Saa 9 alasiri

Huu ndio wakati wa kupima miguu. Mguu wa asubuhi si mguu wa alasiri: ukishasimama na kutembea kwenye joto unavimba, na mlimani utavimba vile vile. Anayetaka kupimwa asubuhi namwomba arudi baada ya adhana ya alasiri, na huwa sibadilishi.

"Fundi, mimi navaa 42 tangu shule."

"Sawa kaka. Vua soksi, ukanyage hapa karatasini, uzito wote kwenye mguu huu. Usishike ukuta."

Kalamu inasimama wima, haiingii chini ya unyayo. Miguu yote miwili, maana mara nyingi inapishana. Napima kutoka kisigino mpaka kidole kirefu kuliko vyote, na hicho si lazima kiwe kidole gumba. Watu wengi wana cha pili kirefu zaidi. Kisha futi ya fundi cherehani inazunguka sehemu pana ya mbele.

Tuseme kushoto ni sentimita 27.0 na kulia 27.2. Nafuata mrefu. Naongeza sentimita 1.5 kwa ajili ya mteremko, inakuwa 28.7. Namba za Ulaya huhesabu thuluthi mbili za sentimita kwa kila namba moja, kwa hiyo 43 ni karibu sentimita 28.7 za kalibu. Yule wa 42 tangu shule anahitaji 43. Akibisha, naivua soli ya ndani ya 42 yake na kumsimamisha juu yake: anaona kwa macho yake kidole kimekaribia mno ukingo.

Nafasi ile ya mbele si anasa. Anayeshuka Kilimanjaro kwa njia ya Mweka hutoka mita 5,895 mpaka karibu mita 3,100 kwa siku moja, sehemu kubwa ikiwa kokoto zinazoteleza. Kila hatua mguu husukumwa mbele. Buti isiyo na nafasi hugeuza kucha kuwa nyeusi kabla ya kufika msituni, na baadaye zinang'oka.

Lakini nafasi ya mbele bila kisigino kilichoshikwa haina faida, kwani mguu unateleza mpaka unaimaliza. Huyu kaka ana mguu mpana mbele na kisigino chembamba, umbo la kawaida sana. Buti pana ya mbele itampwaya nyuma. Kwa hiyo naanza na ulimi: nabandika felti ya milimita 3 upande wa chini wa ulimi, pale unapokutana na kiwiko cha mguu. Inasukuma mguu nyuma na chini. Siinui kisigino kwa kipande cha chini kama wengi wanavyofanya, maana ukikiinua unakitoa kwenye kikombe chake na kinapwaya zaidi.

Soli ya ndani naikata mpya kwa EVA ya milimita 3, nikifuata ile ya zamani, ukubwa uleule. Anayelalamika maumivu chini ya vidole namwekea kimto kidogo nyuma ya vifundo vya mbele vya unyayo. Nyuma yake, si chini yake. Kikikaa chini ya kifundo chenyewe, kinaongeza maumivu yaleyale anayoyakimbia. Namtafutia mahali kwa gundi ya karatasi kwanza, anatembea, tunasogeza milimita mbili tatu, ndipo napaka gundi ya kudumu.

Saa 11 jioni

Kujaribu kwa soksi zilezile atakazopanda nazo. Nina ubao ulioinama. Anaukwea, anasimama kileleni mwake akitazama chini, anagonga mguu mara tatu. Kidole kikigusa mbele, hatujamaliza. Akiwa anapanda, kisigino kikiinuka zaidi ya milimita chache, hatujamaliza pia.

Kamba: inakazwa kwa wastani mpaka usawa wa kiwiko cha mguu, kisha kila upande unapita tundu la juu kutoka nje kwenda ndani na kuacha kitanzi kidogo. Kila ncha inaingia kitanzi cha upande wa pili, inavutwa kwenda chini, halafu inafungwa. Kisigino kinakaa, mbele panabaki huru.

Saa 1 usiku

Ninapokabidhi buti namweleza mteja mambo machache. Mombasa ni tambarare, kwa hiyo azizoeshe kwenye ngazi za jengo refu, akihesabu zaidi za kushuka kuliko za kupanda. Akipata nafasi aende Shimba Hills, ile njia ya kuteremka kwenye maporomoko ya Sheldrick na kurudi inaonyesha kasoro yote. Asizipeleke ufukweni: chumvi hukausha ngozi ikakakamaa, na zikishaloa maji ya bahari zioshwe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo. Zikilowa, gazeti ndani na kivuli chenye upepo. Bati lenye jua linalegeza gundi.

Kucha zikatwe siku mbili tatu kabla ya safari, zisikatwe usiku wa kuondoka. Na kabla ya kuanza kuteremka kutoka kileleni, hata baridi iwe kali vipi, akae, afungue kamba mpaka chini, agonge kisigino nyuma, afunge upya kwa kile kitanzi.