Mnyoo wa chini ya mawe, Mikindani

Mvuvi wa mshipi hapa Mikindani, Mtwara, ukimuuliza habari za chambo, atakwambia kuna minyoo wakubwa wa namna mbili. Mmoja anakaa kwenye tope jeusi karibu na mikoko ya michu, mwili laini, ukimshika analegea tu. Mwingine anakaa chini ya mawe, pale majani ya bahari yanapoanza, mwekundu zaidi, na anang'ata. Mjomba wangu amechimba chambo tangu kabla sijazaliwa na hawachanganyi hata siku moja kwenye kopo. "Yule wa mawe ukimvuta kwa pupa anakukatikia, unabaki na mkia," huniambia. "Na samaki changu anamtaka mzima."

Huyo wa mawe ndiye ninayemwandikia maelezo ya kisayansi. Nadhani hayajawahi kuandikwa. Nasema nadhani, maana spishi mpya haionekani topeni. Inapatikana mwishoni kabisa, ukishapitia majina yote waliyokwisha kupewa ndugu zake ukakuta hakuna hata moja linalomfaa mnyama uliyemshika.

Na majina ni mengi. Kundi hili linaitwa polikaeti: minyoo wa baharini wenye pingili, karibu kila pingili ina viguu viwili vya pembeni, na kila kiguu kimebeba fungu la vinywele vigumu vya kitini (chitin, dutu ileile ya gamba la kaa). Spishi zenye majina zimepita 10,000. Lakini hawa wawili wa mjomba ni wa jenasi (kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu) Marphysa, katika familia ya minyoo wenye taya, kwa hiyo angalau najua mlango wa kubisha.

Jina la kwanza kulikagua ni la jirani. Mwaka 1854 Mjerumani Wilhelm Peters, aliyekaa miaka kadhaa Msumbiji akikusanya kila kilichotambaa, kilichoogelea na kilichoruka, alieleza mnyoo ambaye leo anaitwa Marphysa mossambica. Sisi na Msumbiji tunatenganishwa na Ruvuma tu, na mnyoo hajui mpaka. Ingekuwa rahisi kusema wote wawili ni huyo huyo.

Kilichonizuia ni vinywele. Unakata kiguu kimoja cha katikati ya mwili, unakiweka kwenye slaidi na tone la gliserini, unafunika kwa kioo chembamba, unaweka chini ya hadubini. Kwa mnyoo wa kwenye tope vinywele vilikuwa kama Peters na waliomfuata wanavyotaka viwe: virefu, vyepesi, kipande kimoja kuanzia shinani hadi nchani, na kati yao vile vidogo vyenye meno kama kitana. Nikabadilisha slaidi, nikaweka kiguu cha yule wa mawe. Nusu ya chini ya fungu ilikuwa na vinywele vya vipande viwili. Kuna mpini, kuna kiungo, halafu juu ya kiungo kuna wembe mrefu uliochongoka. Nilipogusa kioo kidogo kwa ncha ya sindano, wembe ulicheza kwenye kiungo chake. Marphysa mossambica hana kinywele cha namna hiyo. Mjomba alikuwa amewatenga kwa kuumwa kidole. Hadubini ilikubaliana naye.

Basi si wa Peters. Lakini hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu wapo Marphysa wengi wenye wembe mrefu, na kwa zaidi ya karne moja wengi wao walitupiwa jina moja, Marphysa sanguinea. Huyo ni mnyoo wa pwani ya kusini mwa Uingereza, alielezwa mwanzoni mwa karne ya 19. Watu walikuta mnyoo mwekundu wa kufanana naye Afrika Kusini au Asia, wakafungua kitabu, wakaona anakaribiana, wakaandika sanguinea. Hata kitabu kikubwa cha J. H. Day cha mwaka 1967 kuhusu polikaeti wa kusini mwa Afrika, ambacho mpaka leo hakuna anayefanya kazi hii bila kukifungua, kimemweka sanguinea kwenye pwani ya Afrika Kusini.

Mwaka 2008 watafiti wawili waliwatazama upya minyoo wa chambo wa Rasi ya Magharibi wakaonyesha kwamba si wale wa Uingereza. Wakawapa jina jipya, Marphysa elityeni. Ilionekana shauri limekwisha. Mwaka 2020 timu nyingine ikapitia Marphysa wote wa Afrika Kusini, kwa maumbile na kwa vinasaba, ikakuta mnyoo yule alikuwa na jina tayari: Marphysa haemasoma, alilopewa na Mfaransa Quatrefages mwaka 1866, likafukiwa baadaye watu walipomfanya kuwa sanguinea. Sheria ya majina ni kwamba la zamani ndilo linalosimama. Elityeni likaanguka. (1866 ni mwaka uleule Livingstone alishuka Mikindani kuanza safari yake ya mwisho, na watalii bado wanapelekwa kuona nyumba yenye kibao cha jina lake. Paris mtu anaandika mnyoo wa Afrika, na hapa mwingine anapanga wapagazi.)

Hadithi hiyo ndiyo inayonifanya niende taratibu. Sitaki kumpa mnyoo wa kwetu jina ambalo mtu atalifuta kwa sababu sikusoma Kifaransa cha zamani. Kwa hiyo nasoma, kwa kamusi, mstari kwa mstari, na kwa kila jina nauliza mambo yaleyale. Matamvua yanaanzia pingili ya ngapi? Yana nyuzi ngapi pale yanapokuwa manene kuliko kwingine? Vitana vya mkiani vina meno mapana au membamba? Maelezo mengi ya zamani hayajibu hata moja. Yanasema mnyoo ni mwekundu na mrefu, basi, na hapo inabidi kielelezo chenyewe kitazamwe, kwenye chupa, huko kilikohifadhiwa Ulaya.

Ndiyo maana najali sana chupa zetu zitakaa wapi. Tangu mwaka 2000, jina jipya halikubaliki kama mwandishi hajataja kielelezo kinacholibeba jina hilo, kwa kawaida holotaipu, yaani mnyama mmoja maalumu, na mkusanyo anamohifadhiwa. Mimi nataka holotaipu huyu abaki Tanzania. Parataipu, yaani vielelezo vya ziada vya spishi hiyohiyo, waende nje, wawili watatu, moto ukiwaka upande mmoja upande wa pili ubaki. Lakini binti wa Mtwara atakayekuja kunisahihisha asilazimike kuomba viza ili amwone mnyoo aliyetoka Mikindani.

Kumhifadhi nako kuna adabu yake. Ukimtia moja kwa moja kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia, anajikunja, anatapika utumbo, anakatika vipande. Analazwa kwanza kwenye maji yenye magineziamu kloridi mpaka ukimgusa hajibu. Kisha kipande kidogo cha mkiani kinakatwa na kuwekwa kwenye alkoholi ya asilimia 96 kwa ajili ya vinasaba, kwa sababu formalini inaviharibu. Mwili uliobaki unaingia formalini, baadaye alkoholi ya asilimia 70. Lebo inaandikwa kwa penseli na kutumbukizwa ndani ya chupa, maana wino wa kalamu ya kawaida unayeyuka na kuondoka na habari zote. Na kwa joto la huku, vifuniko vinakaguliwa mara kwa mara. Alkoholi haimsubiri mtu.

Jina nimeshalichagua. Silitaji hapa, kwa kuwa jina la mnyama linazaliwa kwenye chapisho linalofuata kanuni, na likivuja kabla linaleta vurugu kwa wenzangu.

Kinachonisumbua sasa ni ukubwa. Nilionao karibu wote ni wakubwa, kwa sababu mjomba na wenzake hawahangaiki na wadogo. Katika jenasi hii mnyoo akikua matamvua yanaongezeka nyuzi na pingili yanapoanzia inaweza kusogea. Bila wadogo, siwezi kusema ni tofauti gani ni ya spishi na ipi ni ya umri. Bamvua ijayo, maji yakitoka mbali, naomba wachimbaji waniachie hata wa urefu wa kidole.

Na ninawaomba watu wa Sudi, Kilwa Masoko na Songo Songo: kama kwenu yupo mnyoo mwekundu wa chini ya mawe anayeng'ata, niambieni anakaa usawa gani wa maji, na kama mchanga wake ni mweupe au mweusi. Msimvute. Inueni jiwe, mfukueni kwa vidole kuanzia upande wa kichwa, na jiwe mlirudishe lilivyokuwa, kwa sababu chini yake wapo wengine wengi wasioona jua.