Mashudu ya alizeti badala ya dagaa: siku 84 za mabwawa mawili

Siku ya 1

Nimepandikiza vifaranga 600 vya sato, madume watupu, gramu 5 kila mmoja. 300 bwawa la kwanza, 300 la pili. Kila bwawa lina mita za mraba 100, na yote mawili yanalishwa na mfereji mmoja unaoshuka kutoka milima ya Uluguru. Kitakachotofautiana ni chakula tu.

Bwawa la kwanza linaendelea na mchanganyiko niliouzoea: kwenye kilo 10, dagaa 4.5, pumba za mahindi 5, unga wa muhogo nusu kilo wa kushikiza. La pili linapata dagaa 1.5, mashudu ya alizeti (makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa mafuta) 6, pumba 2, muhogo nusu kilo.

Dagaa wa Mwanza ninaowasaga kwa ajili ya samaki ndio hao hao wanaoliwa na ugali kwenye nyumba ambazo nyama huonekana sikukuu. Inaniuma kugombea gunia sokoni na mama anayetafuta kitoweo cha watoto. Tena kwa bei ya kilo moja ya dagaa, na mchanga wake ndani, napata kilo tano za mashudu na chenji inabaki.

Siku ya 19

Bwawa la pili halinifurahishi. Nalisha saa nne asubuhi na saa kumi jioni, kila siku asilimia 3 ya uzito wa samaki. Wanakuja, wanaonja, wanatema. Kufika jioni maganda meusi yamejaa pembeni na maji yanaanza kunuka.

Siku ya 56

Nimepima samaki 30 kila bwawa. La kwanza wastani ni gramu 58. La pili, 37.

Nimebeba konzi ya mashudu hadi kwa fundi wa mashine ya kukamulia. Akayasugua kiganjani, akapuliza, yakabaki maganda. "Mjomba, chakula hiki ni cha ng'ombe."

Ni kweli. Alizeti ikikamuliwa pamoja na ganda lake, mashudu hujaa nyuzinyuzi. Ng'ombe ana tumbo la kuzimeng'enya, sato hana. Nilipiga hesabu ya protini kwenye daftari nikapata asilimia 26, nikasahau kwamba anayekula ni samaki, si daftari. Kosa la pili ni lisini, kirutubisho kinachojenga nyama: kwenye alizeti ni haba, na mimi nilikuwa nimepunguza dagaa waliokuwa wakiileta. Soya inayo ya kutosha.

Siku ya 58

Nimesaga mashudu upya na kuyapitisha kwenye chekeche la unga. Karibu theluthi imebaki juu, yote maganda. Hayo nimempa jirani mwenye ng'ombe. Mchanganyiko mpya: dagaa 1.5, mashudu yaliyochekechwa 4, soya 2, pumba 2, muhogo nusu kilo. Soya nimeikaanga kwanza, maana ikiwa mbichi ina kizuizi kinachomnyima samaki protini. Muhogo nimeupika uji mzito, nikakanda, nikapitisha kwenye mashine ya kusagia nyama, nikaanika tambi zake kivulini.

Jirani ananisihi nijaribu mashudu ya pamba kwa kuwa ni ya bei ya chini zaidi. Kwa sasa sitaki. Yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu ya pamba, ambayo ikizidi hudumaza samaki na kuharibu uzazi.

Siku ya 71

Gunia moja limeloa mvua na kuota ukungu. Nimelifukia lote. Ukungu wa namna hiyo unaweza kuleta sumukuvu, na kukausha juani hakuiondoi. Mashudu ya mashine zetu pia hubaki na mafuta mengi, yakikaa sana huchacha. Kuanzia sasa nanunua ya kutosha wiki tatu tu, na magunia yanakaa juu ya mbao.

Siku ya 84

Bwawa la kwanza gramu 104. La pili 79. Ndani ya siku 28 la kwanza limeongeza 46 na la pili 42, kwa theluthi ya dagaa! Nimepima mara mbili kwa furaha. Leo jioni samaki wa bwawa la pili walikuwa wameshajazana ukingoni kabla sijafungua ndoo.

Kesho nashusha dagaa hadi kilo 1 na kupandisha soya hadi 2.5. Nitapima tena siku ya 112.