Kutoka oto ya gia nne kwenda CVT: nilivyouzoesha mguu wangu

Kwa miaka mingi hapa Dar es Salaam niliendesha Toyota Premio ya zamani, ile iliyotoka kabla ya 2007, cc 1500, otomatiki ya gia nne. Sasa nina Corolla Axio, injini ni ileile ya cc 1500 lakini gia boksi ni CVT, yaani oto isiyo na ngazi za gia. Nilipokuwa naitafuta, fundi wangu alinionya: "Dada yangu, CVT ni kimeo. Gia boksi ikifa, utauza gari kama skrepa." Namheshimu yule fundi, ila nilitaka kujua inauliwa na nini hasa. Nilipoelewa, nikainunua, na sijutii.

Otomatiki ya kawaida ina gia ndani yake, na inaruka kutoka moja kwenda nyingine. Sikio lako linazijua: injini inapanda sauti, inashuka, gari inasukuma kidogo, inapanda tena. CVT haina ngazi hizo. Kuna puli mbili zenye nyuso za umbo la pia, na mkanda wa chuma katikati yake. Puli moja ikibana mkanda unapanda ukingoni, nyingine ikiachia mkanda unazama ndani, na uwiano unabadilika bila kukatika. Mkanda wenyewe ni mamia ya vipande vidogo vya chuma vilivyopangwa kwenye pete, na vipande hivyo husukumana badala ya kuvutana. Si teknolojia ya jana: kampuni ya magari ya DAF ya Uholanzi ilionyesha gari ya namna hii mwaka 1958, ikiwa na mikanda ya mpira, na Toyota walianza kuiweka kwenye Opa ya cc 2000 mwaka 2000.

Kilichonisumbua mwanzoni ni sauti. Ukitoka Mwenge kuelekea Tegeta, barabara ikafunguka, ukakanyaga mafuta kwa nguvu, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unapanda hadi kwenye 4,000 na kuganda palepale. Injini inalia vilevile huku spidi ikiendelea kupanda: 60, 70, 80. Mtu aliyezoea gia nne anaapa gia boksi inateleza. Haitelezi. Kompyuta imeiweka injini mahali penye nguvu na kuuachia mkanda kazi iliyobaki. Ukipunguza mguu, mshale unaanguka, na ukitembea 80 bila haraka unakuta uko chini ya 2,000, gari imetulia kabisa.

Kwenye Premio nilikuwa na tabia ambayo madereva wengi wa oto tunayo: unakanyaga, unaachia kidogo ili gia ipande, unakanyaga tena. Kwenye CVT tabia hiyo haina kazi, inaifanya gari isitesite tu. Nilijifunza kuweka mguu mahali pamoja na kusubiri. Unakanyaga kidogo, unashikilia, gari inakuja yenyewe. Na kwenye foleni ya Morogoro Road, kutoka Kimara hadi Ubungo, hapo ndipo nilipoipenda. Premio ilikuwa ikihangaika kati ya gia ya kwanza na ya pili, na kila ikibadili unausikia ule mshtuko kiunoni. Axio inasogea kama mtu anayekusukuma taratibu kwa mkono. Nafika kazini sijachoka.

Si kila mahali inashinda. Kuovateki lori kwenye barabara kuu, gia nne ilinipa uhakika zaidi: ukizamisha pedali inashusha gia, unausikia mgongo ukiegemea kiti, unajua imeitika. CVT nayo inaenda, lakini haikupi taarifa hiyo, hivyo naanza kukanyaga mapema kabla sijatoka nje ya mstari. Mlima mrefu na mzigo nasogeza lever ya gia kwenye S, inayoipa injini mizunguko zaidi. Kushuka natumia B, inayoifanya injini isaidie kuzuia gari, kwa sababu kwenye D haikuzuii vya kutosha na unaishia kuunguza breki.

Masika ndiyo yanataka akili zaidi. Barabara zetu za mtaani zikigeuka tope, tairi likizunguka bure halafu likakamata ghafla, mshtuko wote unaenda kwenye mkanda. Nikikwama sikanyagi kwa hasira. Nashuka, natafuta mawe au mbao. Na kwenye mwinuko siishikilii gari kwa mafuta, nashika breki.

Halafu oili. Hapa ndipo gia boksi nyingi zinapofia, na ndiyo maana sina imani na ule usemi wa "CVT ni kimeo". Gereji moja waliniambia waweke haidroliki ya kawaida, yaani oili ya oto za gia, "si zote ni za oto?" Nilikataa. Ndani ya CVT chuma kinashika chuma, na oili yake imetengenezwa kulainisha huku ikiuacha mkanda ushike puli. Ukiweka ya gia za kawaida, mkanda unateleza kweli, puli zinachubuka, na hakuna marekebisho ya bei nafuu baada ya hapo. Gari yangu inataka Toyota CVT Fluid TC. Nissan nyingi zinataka NS-2 au NS-3, kutegemea mwaka na modeli. Soma kitabu cha gari, nunua mwenyewe Kariakoo kwenye duka unaloliamini, nenda nayo gereji ikiwa imefungwa, na simama pale hadi fundi aifungue na kuimimina mbele yako.